Shati la Pande Mbili

“Saa tisa kamili kila mtu awe ndani ya basi, na atakayechelewa—”

“Saa tisa! Batu watoke Johannesburg mpaka Ulaya, halafu saa tisa—”

“—atakayechelewa, maji yatamfundisha adabu, mimi simo!”

“—unawafungia kama kuku! Saa tisa hata jua halijachoka!”

Walikuwa wanasema kwa pamoja, Perpetua na mumewe Ezéchiel, kama redio mbili za stesheni tofauti chumba kimoja. Meza ya jikoni ilikuwa katikati yao, na juu ya meza, kati ya chupa ya mafuta na sahani ya mifupa ya kuku wa Jumapili, kulikuwa na karatasi kubwa ambayo Perpetua alikuwa amechora kisiwa. Alikichora kama keki ya harusi. Chini nyumba, halafu ukuta, halafu ngazi na ngazi na ngazi, na juu kabisa abasia, kanisa la watawa, na juu ya abasia malaika ameshika upanga. Pembeni alipaka bluu kwa kalamu za binti yao Eva, akatia mishale: maji yanaingia huku, maji yanatoka kule.

Mambo yalikuwa hivi. Kwaya yao, Kwaya ya Malaika Mkuu Mikaeli, ya watu wa Kiswahili wa parokia ya pale Troyeville, ilialikwa na parokia moja ya Ufaransa. Waimbaji kumi na wawili, siku kumi, nauli juu ya wenyeji. Misa, tamasha, misa, chakula na meya, misa. Katikati ya misa zote hizo kulikuwa na Alhamisi moja tupu, na hiyo Alhamisi, Perpetua, katibu wa kwaya, aliiingia na miguu yote miwili. Wangekwenda Mont Saint-Michel, nyumbani kwa Mikaeli mwenyewe, kisiwa ambacho bahari ikipwa unakifikia kwa miguu mitupu, na ikijaa unakiangalia tu kwa mbali.

“Daraja lipo,” alisema Ezéchiel. “Basi linapita juu. Kwa nini tutembee kwa matope?”

“Madaraja tunayo hapahapa Jozi. Tutatembea mchangani na kiongozi, kama mahujaji. Miaka yote hii tunamwimba mtu, tukifika mlangoni kwake tupite kwa basi kama wauza bima?”

“Sawa, tutembee. Lakini tukishaimba, kila mtu akuwe huru. Mwingine anataka kuomba peke yake. Mwingine anataka kuangalia ukuta.”

“Ataangalia ukuta akiwa na mwenzake. Wawili wawili. Na sare.”

Ezéchiel akashika kichwa. Sare ilikuwa kitenge cha njano, njano ya kiini cha yai, chenye picha ya upanga kila baada ya kiganja kimoja. Perpetua alikichagua mwenyewe.

“Perpe, kwa ile kitenge tutaonekana mpaka Uingereza.”

“Ndiyo nataka! Nasimama juu ya ngazi, nahesabu njano. Zikitimia kumi na mbili, tunaondoka. Mimi sina macho ya kutafuta sura za watu katikati ya watalii.”

“Na mwenye ataachwa na basi?”

“Hataachwa.”

“Niko nasema tu. Akiachwa, si atapanda treni pale Pontorson?”

Perpetua akainua kalamu. “Pontorson ni wapi?”

“Stesheni. Haiko mbali na kisiwa. Niliona kwa simu.”

Hapo Perpetua alilainika kama siagi. Tangu mwezi wa pili alikuwa anapigia makofi safari hii peke yake, mume ananung’unika tu, kumbe kimyakimya na yeye anatafuta habari! Akasogeza karatasi. “Wapi? Nionyeshe.” Ezéchiel akaweka kidole, na Perpetua akachora stesheni nzuri, na treni yake, na moshi juu, ingawa treni za siku hizi hazina moshi.

“Ya kwenda wapi hii?”

“Inaunganisha. Mpaka Paris.”

Akaandika: Paris.

Eva, mwenye miaka kumi na tano na simu moja, alikuwa amelala kwenye kochi. Lugha ya nyumbani alikuwa anaielewa yote, hasa ile asiyotakiwa kuielewa, ila majibu yake yalikuwa ya Kiingereza. Aliuliza bila kuinua macho: na mtu akiamua kubaki kule?

“Nani abaki?” Perpetua akacheka. “Barua naisaini mimi.”

Hilo lilikuwa kweli. Wenyeji walitaka mtu mwenye pasi ya Afrika Kusini aandike kwamba wote watarudi. Perpetua, aliyezaliwa Morogoro na baba mpigania uhuru wa hapa na mama Mluguru, ndiye pekee mwenye kile kitabu cha kijani. Ijumaa ya wiki iliyofuata angetia sahihi mbele ya padri, kwa watu kumi na wawili, mmoja wao mumewe.

“Na baba yako asiporudi,” alisema akikusanya mifupa, “nani atamkuna mgongo Ulaya?”

Ezéchiel akacheka pia. Aliangalia ile treni.

*

Mamie alikuwa na cherehani tatu kwenye ghorofa ya pili ya kiwanda cha zamani pale Jeppestown. Zamani walitengeneza magodoro, na hadi leo ukipanda ngazi kuna harufu ya gundi. Huyu Mamie, mtu wa Bukavu, ndiye aliyemshonea Eva gauni la komunyo, ndiye aliyekaa na Perpetua hospitali mimba ya pili ilipotoka, na ndiye mtu pekee Johannesburg nzima aliyeruhusiwa kumwambia Perpetua kwamba ugali wake ni uji.

“Ingia, katibu wa malaika!” alipiga kelele juu ya muungurumo wa cherehani. “Vua viatu, unaingia mahali patakatifu!”

“Patakatifu wapi, na hao panya?”

“Panya wamebatizwa. Kuja uone.”

Nguo zilikuwa tayari mapema kwa sababu wenyeji walitaka picha ya kwaya ndani ya sare, waibandike mlangoni kwa kanisa lao. Magauni sita, mashati sita. Perpetua alishika la kwanza akaliweka kifuani, akazunguka. Mamie akapiga vigelegele. Njano ilijaa chumba kama mtu amewasha taa.

“Na hayo matatu mbona umeyatenga?”

Mashati matatu yalikuwa kwenye mfuko wa plastiki, juu ya kabati.

“Zile njo za pande mbili.”

“Pande mbili zipi?”

Mamie alizima cherehani. Akatoa shati moja, akaingiza mkono kwenye shingo, akalivuta kama mtu anamchuna sungura. Njano ikamezwa. Ikatoka bluu nyeusi, tupu, ya heshima, shati la mtu wa benki. Kola ilikaa huku na huku. Vifungo vilifungika huku na huku. Kwapani, upande wa ndani, kulikuwa na mfuko wa zipu, wa kutosha kitabu kidogo.

“Papa Eva aliniletea hiyo bluu mwenyewe,” alisema Mamie. “Akasema ni weye umeomba. Sababu ya baridi ya bahari.”

“Mimi?” Perpetua alipapasa kitambaa. Kilikuwa kizuri. “Sikuomba. Lakini amefikiri vizuri, kule kuna upepo. Sasa mbona sisi wanawake hakutufikiria?”

Mamie akainamia cherehani. Alikuwa anatia uzi kwenye sindano ambayo tayari ilikuwa na uzi.

“Ni mashati ya nani haya?”

“Yake. Na ya wenzake wa besi, Chris na Jacques.”

“Jacques hasikii baridi. Jacques anaoga maji ya bomba mwezi wa saba.”

“Mama Eva.” Mamie akaweka sindano chini. “Si weye utasimama juu ya ngazi unahesabu njano? Njano tatu zikigeuka bluu, utahesabu nini? Miye siko nasema kitu. Miye ni fundi tu.”

Kuna mambo ambayo akili inayaona kwanza halafu inafunga mlango, iendelee kidogo na starehe zake. Perpetua alisimama na lile shati. Alifikiria upepo. Alifikiria tena upepo. Halafu mlango ukasukumwa, na akaona mkono wake mwenyewe, Jumapili jikoni, unachora treni na moshi wake, na kidole cha mumewe kinamwongoza: hapa, hapa, hapa.

Akakaa juu ya marobota ya vitambaa.

“Ataniacha,” alisema.

“Ataacha na jina lako huko, limechafuka. Baibai kwa sahihi yako.” Mamie alikuja akapiga magoti mbele yake, akamshika mikono yote miwili. “Sikiliza dada yangu. Toa jina lake. Toa yote matatu, kabla ya ile Ijumaa. Mwanaume mwenye anaiba jina la mke wake, usimupe hata kiti cha basi. Unanisikia? Hata kiti!”

Perpetua alirudi kwa miguu na shati moja ndani ya mkoba. Kwenye robot ya Jules Street taa ya magari ilikuwa kijani, ikawa nyekundu, ikawa kijani tena, na muuza karanga mmoja akamuuliza kwa Kizulu kama amepoteza kitu.

*

Ezéchiel alikuwa analinda magari usiku kwenye maegesho ya duka kubwa moja kaskazini. Asubuhi ya Jumanne alirudi kama kawaida, koti la kampuni limemzidi mabega, macho mekundu. Alikuta chai, magwinya moto, yale maandazi ya hapa, na shati la njano limetandazwa kwenye kiti kama mgeni.

“Limetoka! Mamie ana mikono, huyu mama.”

“Jaribu.”

Akalivaa. Perpetua akamnyoosha kola, akamfunga vifungo kimoja kimoja, akarudi nyuma kumtazama. Kwa kweli lilimpendeza. Hilo nalo lilimuuma.

“Limekukaa. Sasa geuza.”

“Nini?”

“Ligeuze, baba Eva. Nione na upande wa baridi.”

Ezéchiel hakuligeuza. Alikaa polepole, akashika kikombe. Chumbani Eva alikuwa anatafuta kiatu cha shule, anasikika anatupa vitu.

“Nilitaka kukuambia,” alisema.

“Lini? Ukiwa Pontorson?”

“Perpe…”

“Nilikuchorea! Nilikuchorea na moshi! Ulikaa hapo unaniangalia kama mtoto wa chekechea, unasema treni hii inaunganisha, na mimi nafurahi, nasema jamani, mume wangu ameanza kupenda mambo yangu!”

“Kaka yake Chris iko Lille, kulekule Ufaransa. Kuna kazi. Mwaka mmoja, miwili mingi, ningewaita.”

“Ungetuita. Unapiga mluzi, tunakuja tunatingisha mikia.”

“Weye unafikiri nafurahi?” Sauti yake ilipanda, kisha akaishusha kwa sababu ya majirani. “Juzi kijana, umri wa Eva, ameshusha kioo cha gari, ametupa sarafu chini. Si mkononi. Chini. Niiname. Mwenzake anacheka, anasema makwerekwere inaokota, mgeni inaokota. Nimeinama, Perpe. Nimeokota. Kila siku naambiwa rudi kwenu. Kwetu kunaungua. Mi nilitaka tu kwenda mbele kidogo, hata kama si kwetu.”

Perpetua alimsikia. Hilo ndilo baya la kuolewa na mtu muda mrefu, unamsikia hata siku ambayo hutaki. Karibu amwekee mkono begani. Badala yake akauliza:

“Na jina langu?”

“Jina lako iko na nguvu. Wataandika barua kali, utalia kidogo, padri atakuombea, itaisha. Weye ni wa hapa.”

“Mimi ni wa hapa.”

“Njo vile. Una kitabu.”

“Mimi ni wa hapa!” Alicheka, kicheko kibaya. “Mwezi uliopita kliniki nesi ameshika kitambulisho changu, ananiuliza mbele ya foleni nzima nilikinunua kwa nani. Nikampa jina la baba yangu, nikamwambia kaburi lake liko Soweto nenda kamuulize. Foleni ikacheka. Haikunicheka vizuri. Na wewe ulikuwepo, ulinishika mkono ukaniambia usijali, mimi najua wewe ni nani. Kumbe ulikuwa unajua mimi ni muhuri!”

“Ningekuambia ungekataa!”

“Ndiyo ningekataa! Ningevunja na sahani. Lakini ungekaa hapo ukaniambia, Perpe, nikifika sirudi, ningejua nimelala na nani. Ungeniambia tu, Ezéchiel. Mimi si mtu wa kuambiwa?”

“Na ningekuambia, ungesaini?”

Perpetua akaifunika sahani ya magwinya.

Ndipo walipoona kwamba kelele za kiatu zimekwisha. Eva alisimama mlangoni, mguu mmoja na soksi. Aliuliza kwa Kiingereza, taratibu, kama anayeuliza bei dukani: yeye angeagwa, au angeona ujumbe tu kwenye WhatsApp?

“Ningekuaga, mama yangu. Ningekuaga vizuri.”

Eva akamtazama baba yake ndani ya lile shati la yai. Akamwambia kwa Kizulu kwamba ni mwongo, akaenda shule na viatu vya mchezo.

*

Mazoezi ya Jumamosi yalifanyika ukumbi wa parokia, viti vya plastiki vimepangwa kwa sauti: soprano, alto, tenor, besi. Perpetua hakungoja wamalize kupasha makoo. Alisimama mbele. Alikuwa amejizoeza maneno bafuni, marefu, yenye mafungu na Maandiko, lakini yakatoka mafupi.

“Ezéchiel, Chris na Jacques hawasafiri. Sitawasainia. Wanataka kubaki kule, wameshona mashati ya kubadilisha. Ndiyo hivyo.”

Alingoja mshtuko. Alikuwa amejiandaa kwa mshtuko: akina mama washike vifua, mtu aseme Yesu na Maria. Haukuja. Soprano mmoja aliangalia kiatu chake. Mwingine alianza kukunja karatasi ya noti, akaikunja tena, ikawa ndogo kama dawa.

“Mlijua,” alisema Perpetua.

Akamgeukia mwenyekiti.

“Mama Célestine. Mlijua?”

Célestine, mwenyekiti, mwanamke mpana wa Lubumbashi anayeuza wigi Rosettenville, alijikohoza. Alikuwa na aibu, lakini si ile aliyoitegemea Perpetua.

“Mama Eva, sisi tulifikiri unajua.”

“Nijue vipi?”

“Tulifikiri… samahani, eh? Tulifikiri mpango ni wako.” Akatazama wengine, wamsaidie; hawakumsaidia. “Ile ramani ulitutumia Jumapili usiku kwa WhatsApp. Maji yanatoka saa ngapi. Basi linasimama wapi, treni iko wapi, inakwenda wapi. Kila mtu na mwenzake. Hata mwanya wa dakika arobaini uliandika, kabla ya kuhesabu. Tukasema, huyu mama ana akili! Hasemi kitu mdomoni, anachora. Mimi mwenyewe nilikuombea.”

Mtu wa tenor alicheka puani, akajizuia, na kicheko kikapita kwenye viti kama upepo kwenye mahindi. Dakika arobaini zilikuwa za kwenda chooni. Perpetua alizitenga kwa ajili ya mama mmoja wa alto mwenye sukari.

“Mliniona mimi ni mtu wa namna hiyo.”

“Tulikuona mtu mzuri!” alisema Célestine, na alimaanisha.

“Sharp, sawa basi,” alisema Chris kutoka besi, amekunja mikono. “Kitabu cha kijani kimesema. Sisi tukae tukilinda magari, mama aende kuomba. Akirudi atuletee picha.”

“Chris, funga mdomo,” alisema Ezéchiel.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua mdomo siku hiyo. Alisimama, akachukua kitabu chake cha nyimbo, akakitazama kama hajui cha nani, akakiacha kwenye kiti. Alipita mbele ya mkewe karibu sana hata Perpetua akanusa sabuni yake, ileile aliyomfulia koti usiku wa juzi. Hakumtazama. Chris na Jacques wakamfuata, viti vyao vikakwaruza sakafu.

Célestine akapiga noti. Wakaimba, kwa sababu hawakujua kufanya nini kingine. Besi ilibaki na mtu mmoja, mzee wa Goma mwenye mafua.

*

Ezéchiel alihamia kwa Chris, Rosettenville. Alichukua koti la kazi, jiko dogo la mafuta ya taa na mto wake. Shati aliliacha.

Jumapili baada ya misa mtu aligonga mlango kwa kiwiko. Alikuwa Mamie, mikono yote miwili imebeba sufuria, kichwani mfuko wa unga.

“Nilijua humujapika. Toka, toka, acha nipite, iko moto!”

Alipika bugali kama mtu anayegombana nao. Alimlazimisha Eva kula, na Eva, ambaye siku tano alikuwa anaishi kwa chipsi za spaza, kiduka cha mtaani, alikula sombe, kisamvu cha kwao, sahani mbili na kulamba vidole. Mamie aliwaigiza watu wa kwaya: Célestine anavyojikohoza, mzee wa Goma anavyoimba besi huku anapenga. Alipiga chafya katikati ya Aleluya kwa ustadi mpaka Eva akateleza kwenye kiti kwa kucheka, na Perpetua, bila kutaka, alicheka pia, kisha kicheko kikageuka, na Mamie akamwacha alie mpaka mwisho. Hakumwambia nyamaza. Ni watu wachache wanaojua kukaa na mtu anayelia bila kumwambia nyamaza.

Eva alipokwenda kulala mchana, wakaosha vyombo. Mmoja anaosha, mmoja anapangusa.

“Nilitoa majina, kama ulivyosema,” alisema Perpetua.

“Ulifanya vizuri.”

“Sijui. Kitanda kikubwa.” Alisugua sufuria mahali palepale. “Unajua, ningemwelewa. Hilo ndilo linanimaliza. Lile la kuinama kuokota sarafu, ningelielewa. Kama angeniambia.”

“Kweli?”

“Nini?”

“Kama angekuambia mbele, bila kuficha. Ungemusaidia?”

“Pengine. Sijui, Mamie. Pengine ndiyo. Si kuondoka kunakoniuma. Kufichwa. Wote wamenificha, wote, mpaka wenye kisukari. Ni wewe tu uliyenifungulia.”

Mamie alipangusa sahani ya mwisho. Aliiweka kabatini. Alikunja kitambaa mara mbili, akakitundika, akavuta kiti akakaa, na kumwashiria Perpetua akae. Perpetua akakaa, mikono bado inadondosha maji.

“Viti vitatu viko tupu,” alisema Mamie.

“Ndiyo. Kesho mama Célestine atatafuta watu. Ijumaa lazima majina yawe kamili.”

“Hati yangu ya safari ya mukimbizi imetoka. Wiki mbili sasa.”

“Hee! Hongera! Mbona hukuniambia? Tangu lini unaitafuta?”

“Tangu siku papa Eva aliniletea ile kitambaa cha bluu.”

Bomba lilikuwa linadondosha. Perpetua akainuka, akalikaza, akarudi kukaa.

“Niliwaza, huyu mama atafanya nini akijua. Niliwaza sana, cherehani haikwenda siku mzima. Halafu ulikuja, nikatoa shati.” Mamie hakuangalia pembeni. Macho yake yalikuwa makavu, yamechoka, ya mtu aliyeshona miaka mingi kwa taa mbaya. “Miye sina sauti ya maana, lakini alto naweza kujificha nyuma ya wengine. Mutoto wangu wa kwanza iko kulekule Ufaransa, Lyon, mama Eva. Ana batoto wawili. Sijamushika tangu amekuwa na meno ya maziwa. Niandike. Kiti cha papa Eva, uniandike miye. Nitatembea na weye mchangani, nitapanda ngazi zote, nitaimba. Na niko nakuambia leo, umesikia na masikio yako: ukihesabu, sitakuwepo.”